Kiti cha Juu Harusini kwa Peng

Liu Chunxiang alikuja kunirudishia mabakuli yangu arobaini siku ya nne baada ya harusi ya mwanawe, na kabla hajayatua chini alikuwa amekwisha anza kusimulia. Siku ya harusi mimi nilikuwa kitandani na homa. Nilisikia fataki, nikasikia ngoma, halafu nikasikia kimya. Kimya harusini kinatisha kuliko fataki. Basi nikamwuliza, "Mlinyamazia nini kule?" Akaketi juu ya gunia la karanga, akasema yote, chai ikapoa mara mbili, na haya ndiyo aliyoniambia.

Gari la bi harusi lilifika saa tano na nusu mchana, limefungwa maua mekundu mbele na nyuma. Kijiji kizima kilikuwa uani kwa akina Peng. Fataki zilikuwa nyingi mpaka moshi ukawakohoza kuku. Ouyang Sujuan, bi harusi, akashuka, akalivuka karai la makaa ya kufukuza mikosi bila kuunguza hata uzi wa gauni, na wanawake wakapiga kelele za furaha: "Kavuka! Kavuka kama swala!" Peng Kewen, bwana harusi, alikuwa anacheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Nyuma ya bi harusi akashuka bibi yake. Kwa desturi wazazi wa binti hubaki kwao siku hiyo, na mjomba ndiye anayemsindikiza. Lakini mjomba wa Sujuan alikuwa amevunjika mguu, kwa hiyo akaja Bibi Zuo Lianying, miaka sabini na mitano, mwembamba kama ufito, koti jeusi jipya, nywele zimebanwa hata moja haitoki. Yeye ndiye aliyemlea Sujuan tangu kunyonya, wazazi wakiwa viwandani mbali. Kwa hiyo siku hiyo yeye ndiye mkubwa wa waliomleta bi harusi, na kiti cha juu kilikuwa chake.

Kiti cha juu ndicho chenye mambo. Meza zilikuwa ishirini na sita, nyingine uani, nyingine kwa jirani, lakini meza ya juu iko sebuleni, chini ya ukuta wa mababu, na kiti chake cha juu kinautazama mlango. Mpaka mgeni mkubwa aketi pale na kugusa vijiti vyake, hakuna mkono unaokwenda kwenye chakula. Samaki anaweza kupoa, mtoto anaweza kulia, waziri anaweza kuwa na njaa. Unangoja.

Bibi Zuo akaongozwa mpaka mlangoni. Akainua mguu avuke kizingiti, akatazama ukutani, akaurudisha mguu chini.

Ukutani alikuwako Mwenyekiti Mao.

Hapo Chunxiang alipiga paja lake akasema, "Dada, kosa ni langu, langu peke yangu!" Kwa sababu nyumba ile ilikuwa na picha ya zamani, ndogo, imefifia, mende wamemla sikio moja, wala mtu asingeiona. Lakini Chunxiang alitaka harusi ing'ae. Akaenda sokoni akanunua kubwa kuliko zote, yenye miale ya dhahabu, upana wa mlango, akaibandika katikati, na karatasi nyekundu za heri kulia na kushoto. Picha mpya ukutani ni heshima kwa wageni. Nani asingefanya hivyo?

"Karibu, Bibi, karibu ukae," akasema Chunxiang. "Wali unakungoja wewe tu."

"Nani kaniwekea huyu nyuma ya mgongo?"

Chunxiang akacheka. "Bibi naye! Si Mwenyekiti huyo."

"Namwona ni nani. Macho ninayo. Nauliza nani kaniwekea."

"Ni... ni mapambo tu, Bibi."

"Mimi sikai chini ya huyo," akasema Bibi Zuo, wala hakupandisha sauti. "Nipeni kigoda, nitakaa hapa mlangoni. Wengine kaleni."

Watu wakatazamana. Kaleni vipi? Kiti cha juu kikiwa kitupu, nani ataanza?

Mpishi Tang alichomoza kichwa jikoni, jasho linamtiririka. "Samaki tayari! Mmekaa?"

"Bado!"

"Bado nini? Samaki hangoji!"

"Mwambie avumilie, si kesha kufa!" mtu akajibu, na uani wakacheka. Walikuwa bado wanacheka wakati ule.

Sasa, mwenye nyumba ni Mzee Peng Guisheng, baba mkwe wa Chunxiang, umri sawasawa na wa Bibi Zuo. Alikuwa amevaa kofia mpya na beji mbili kifuani. Aliposikia, akatoka ndani na fimbo yake, akasimama upande wa pili wa kizingiti. Yeye ndani, bibi nje, kizingiti katikati.

"Mkwe wangu," akasema, "mjukuu wako amekuja kwa heri. Ingia."

"Mshushe huyo, nitaingia."

"Nimshushe? Dada yangu aliuzwa kwa vibaba vinne vya mchele, unajua hilo? Vinne! Baba alikwenda kuvipima tena njiani, akakuta kabaila kampunja, ni vitatu na nusu. Huyu ndiye aliyekuja akasema kabaila basi. Mwaka ule tukapewa vishamba vitatu vya mpunga, baba akalala shambani siku mbili, akisema anaogopa vitaibwa. Shamba! Mimi nilijifunza kuandika jina langu nina miaka kumi na sita, kwa darasa lake la usiku. Sasa niweke mkono nimshushe, siku ya harusi ya mjukuu wangu?"

"Sikukuambia usimpende. Nimesema sikai chini yake."

Mzee Kuang, jirani, mtu asiyeweza kuona maneno yanapita asiyashike mkia, akasimama meza ya pili. "Jamani, jamani! Jambo hili lilikwisha pimwa na wakubwa Beijing. Katika mia, mazuri yake sabini, makosa yake thelathini. Sabini kwa thelathini! Limekwisha. Tule!"

"Sabini?" shangazi mmoja wa upande wa bi harusi akaruka. "Kwetu ni hamsini, na hiyo tunawapunguzia kwa ajili ya harusi."

"Hamsini! Wewe umesoma kwa pesa ya nani?"

"Kwa pesa ya mama yangu, aliyeuza mayai kwa kujificha!"

"Sitini na tano, tusaidiane!"

"Kwani mnauza nguruwe?"

Uani kukawa kama mnada. Huyu sitini, yule themanini, mzee mmoja mlevi akapaza sauti mia moja na ishirini, kelele zikapanda, watu wamesimama juu ya mabenchi, na njaa inawachochea. Chunxiang anasema alikuwa anajilazimisha kutabasamu kwa wageni wa upande wa pili.

Bibi Zuo akangoja. Walipochoka akasema, "Hiyo thelathini yenu. Mume wangu yumo. Na mwanangu wa miaka minne yumo. Nionyesheni wamekaa wapi humo, katika thelathini, nikawaamkie."

Hicho ndicho kimya nilichokisikia nikiwa kitandani.

*

Chunxiang alimvuta baba mkwe wake mpaka chumba cha nyuma, kati ya magunia na mitungi ya mboga za chumvi. Kewen akawafuata, na Sujuan na gauni lake jekundu lililojaa chumba chote.

"Baba, nakuomba," Chunxiang akasema. "Nitaibandua mimi. Kesho asubuhi nairudisha palepale, kwa mkono wangu. Hutajua hata kama iliondoka."

"Mimi nitajua."

"Watu mia mbili wana njaa!"

"Njaa ya saa moja haiui."

"Baba!"

Kewen alikuwa amekunja ngumi. Kazini kwao mjini huagizwa na wadogo kuliko yeye, naye huitikia ndiyo, na hapa tena nyumbani kwao, siku yake, wazee wawili wanamtia aibu mbele ya mke wake. "Babu, ni karatasi," akasema. "Karatasi ya sokoni! Ina gundi nyuma!"

"Na ile hati ya shamba ya baba yangu ilikuwa nini? Karatasi."

Sujuan akasema taratibu, akimtazama mumewe na si mzee. "Kewen. Bibi akirudi, nami narudi naye."

"Bi harusi harudi nyuma! Umekwisha vuka makaa!" akasema Kewen.

"Nitayavuka tena kwa upande wa pili."

"Mkosi huo, Sujuan!"

"Mimi nilikula kwa mkono wake miaka ishirini na minne. Kila siku alikuwa anafuta sufuria kwa kidole, halafu ananipa nikilambe kidole. Nilidhani ni mchezo. Nimekuja kujua juzi juzi kwamba si mchezo." Akaanza kuvua maua ya nywele, moja moja, akiyaweka juu ya mtungi. "Sina ugomvi na nyumba hii. Lakini hatakaa mlangoni kama ombaomba watu wanakula harusi yangu."

Chunxiang akalishika ua la tatu, akamrudishia kichwani kwa nguvu. "Mwanangu, ngoja. Ngoja kwanza. Baba! Unasikia? Utabaki na picha, mjukuu atabaki bila mke!"

Mzee Guisheng alikuwa amekaa juu ya gunia. Beji zake zilikuwa zinalia kidogo, maana kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Akauliza, "Anafuta sufuria kwa kidole?"

"Mpaka leo," akasema Sujuan.

Mzee akainuka bila fimbo.

*

Alitoka moja kwa moja mpaka kizingitini. Mpishi Tang alikuwa amekuja kugombana kuhusu samaki, akamwona uso, akarudi kinyumenyume.

"Mkwe wangu," akasema Mzee Guisheng, "kwenu, katika jiko la komuni, lile la kijiji kizima, nani alikuwa anashika upawa?"

Bibi Zuo akashtuka kama aliyeguswa na maji baridi. "Ya nini kumtaja? Kesha kufa."

"Kwetu nilikuwa nashika mimi."

Wazee walikuwa wanajua, mjue. Wazee wote walijua. Ni wale waliozaliwa baadaye tu waliogeuza shingo kumtazama.

"Mwaka ule wa njaa, wa sitini. Sufuria kubwa kama kisima, uji una punje za kuhesabika. Upawa ukipita juu unachota maji. Ukizama mpaka chini ndipo unachota punje. Watu walisema upawa una macho. Hauna. Macho yalikuwa yangu mimi. Ghala limejaa, mlango una kufuli, wakubwa wetu wa hapa walikwisha andika kwamba tumevuna mara tatu ya tulichovuna, kwa hiyo nafaka yote ni ya serikali, na mimi nina upawa. Mama yangu akija, nazamisha. Katibu akija, nazamisha. Kuna mama mmoja, simtaji, wajukuu zake wamekaa hapa uani. Yeye nilimpitishia juu. Kila siku. Kwa sababu alikuwa binti wa kabaila, na mimi nilijiambia, huyo ni wa wale waliomla dada yangu. Alikuwa anasema asante. Kila siku, anapokea maji, anasema asante, kaka."

Akaweka mkono juu ya beji zake.

"Mwezi wa tatu hakuja. Nilifurahi, kwa sababu sikupenda kusikia ile asante. Sasa mimi nikimshusha huyu ukutani leo, watu watasema, aah, basi makosa yalikuwa yake yote. Na mimi je? Nani atanishusha mimi?"

Chunxiang anasema alitamani ardhi ipasuke. Miaka thelathini anampikia mzee yule, hajasikia. Akamtazama Bibi Zuo, akasema moyoni, imekwisha, sasa hata kama picha itashuka, nani atamwacha mjukuu wake katika nyumba ya mshika upawa?

Bibi Zuo alikuwa amekamata fremu ya mlango. "Wa kwetu," akasema, "alikufa akisema hakuona kitu. Nilimfuata mpaka kitandani. Nikamwambia, sema tu, nami nitakwenda zangu. Akageukia ukuta. Miaka arobaini na tisa kila mtu ananiambia sabini, ananiambia thelathini, ananiambia hali ya hewa ilikuwa mbaya. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, mimi nilipitisha juu."

"Basi mimi nimekuambia."

"Nimesikia."

Mzee akageuka, akavuta benchi mpaka ukutani, akapanda juu yake, Kewen akakimbia kumshika kiuno. Akaingiza ukucha chini ya kona ya picha.

"Mwache!" akasema Bibi Zuo.

Wote wakageuka.

"Mwache hapo hapo. Shuka utavunjika." Na huku akisema, akavuka kizingiti. Mguu wa kwanza, mguu wa pili. Sujuan akatoa sauti ndogo. Bibi akapita meza ya juu, akasimama mbele ya ile picha kubwa ya dhahabu, kichwa chake kikifika kwenye kifungo cha koti la Mwenyekiti. "Nina neno naye. Mkimbandua nitasema na gundi?"

Akalivuta koti lake vizuri, kama mtu aliyeitwa barazani.

"Wewe," akaiambia picha. "Baba yangu alitaka kunioza kwa mchuuzi wa chumvi mwenye meno matatu. Ikaja sheria yako kwamba mwanamke achague mwenyewe. Nikamchagua Ouyang Zhiping. Nilikuwa naimba njia nzima, nikakushukuru wewe mchana kutwa. Kisha ukampokonya. Alikufa akichimba mfereji wako, uji wake alikuwa anampa mtoto. Na mtoto akamfuata kabla ya kupanda mbegu, nikabaki na mdogo wake mgongoni, baba yake huyu Sujuan. Kama usingalinipa, nisingalikudai. Lakini ulinipa." Akaionyesha meza kwa mkono. "Sasa kaa hapo hapo utazame wakila."

Akamgeukia Chunxiang. "Mwanangu, lete mabakuli mawili. Na vijiti jozi mbili. Mtoto alikuwa anajua kutumia vijiti."

"Wafu harusini!" shangazi mmoja akatema mate pembeni. "Mkosi!"

"Mkosi gani? Wanakuja kula, hawaji kulia. Mababu wenu nyinyi hamwaiti kula Mwaka Mpya?"

Chunxiang akakimbia. Mabakuli aliyochukua, akaniambia, yalikuwa mawili ya kwangu, yenye ukingo wa buluu, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Alipofika kwenye pipa la wali akamkuta Mzee Guisheng amekwisha fika, anamwambia mpishi Tang, "Nipe huo upawa."

"Wa supu huu, Mzee."

"Nipe!"

Akauzamisha. Mkono ukaingia mpaka kiwiko, mvuke unamchoma, hajali, akaukwangua chini kabisa, akautoa umejaa, akajaza bakuli la kwanza, akashindilia, akaongeza. Bakuli la pili vilevile, mpaka wali ukawa kilima. Akayabeba mwenyewe, moja kila mkono, watu wanampisha njia, punje hata moja haikuanguka. Akayaweka mezani mbele ya kiti cha juu, yote mawili, la mume na la mtoto, chini ya picha.

Mama mmoja wa makamo akasimama meza ya tano uani, akatoka, akaenda zake nyumbani. Mzee Guisheng alimwona akienda. Hakumwita. Hiyo pia Chunxiang aliniambia, akainamisha macho.

Bibi Zuo akaketi kiti cha pili, pembeni ya mabakuli. Sasa watu mia mbili wakamtazama, maana sheria ni ileile, kiti cha juu lazima kianze. Akavichukua vijiti vya mumewe. Akagusa wali kwa ncha.

"Ameanza," akasema. Kisha kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba ule mwili unayo: "Mnangoja nini? Kuleni!"

Jamani! Fataki zililipuka uani kabla neno halijaisha, nani aliziwasha hajulikani. Mpishi Tang akatoka na samaki, pilipili juu yake kama bustani, anapiga kelele, "Pisha! Pisha! Moto!" Nyama ya moshi, kuku, mayai, pombe ya mchele, vijiti vinagongana kama mvua juu ya bati. Kewen alikula amesimama. Sujuan alikuwa analia na kutafuna pamoja, maua ya nywele yamekaa upande, na Chunxiang akamsukumia paja la kuku. Wanawake wa pande zote mbili wakaanza kugombania nani amjazie Bibi Zuo bakuli, naye akala matatu.

Mzee Kuang hakukoma. Akaja na kikombe chake mpaka meza ya juu. "Kwa hiyo, Bibi, tuseme wewe unampa ngapi? Nusu kwa nusu?"

"Wewe mtu una mizani tumboni?" akajibu Bibi Zuo. "Nimempa shukrani yake na deni lake, vyote viwili vizima. Havikatwi. Kaa chini, mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wewe leo umeshiba mno."

Meza nzima ikacheka, Kuang akiwa wa kwanza.

*

Alasiri wageni walipoanza kuondoka, kulikuwa na kazi moja imebaki. Wali wa wafu hautupwi. Sujuan na Kewen wakala lile bakuli la babu, bega kwa bega, mpaka ukingo wa buluu ukaonekana wote. La mtoto Bibi Zuo akasema, "Hili langu." Akala taratibu, punje kwa punje, na Mzee Guisheng akakaa mbele yake, akimjazia chai. Alipomaliza hakufuta bakuli kwa kidole. Aliliacha na punje mbili tatu chini, akalisukuma mbele, akasema, "Nimeshiba."

Chunxiang akamlaza chumbani kwake, akamvua viatu. Kabla hajamfunika alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo.

Maharusi nao walijitupa juu ya kitanda chao kipya na nguo zao zote, wakalala kama waliopigwa. Chunxiang akakaa jikoni apumzike dakika moja tu kabla ya vyombo, kichwa kikaegemea pipa la wali, akalala palepale.

Uani, wenyewe walimsimulia kesho yake, walikuwa wamebaki walevi wanne na fataki za mwisho ambazo hazijawashwa. Mzee Guisheng akaleta kigoda, akakiweka kizingitini pale aliposimama Bibi Zuo mchana ule, akaketi. Kila mlevi akikohoa, mzee anainua mkono: polepole, kuna mtu kalala. Mmoja akatoa kiberiti. Mkono juu: acha. Jua likashuka nyuma ya mashamba ya chai ya mlimani, walevi wakaondoka mmoja mmoja kwa vidole vya miguu, wakishikana, wakicheka kwa pua. Mzee aliendelea kuuinua mkono, mara kwa kuku, mara kwa upepo. Halafu ukabaki umeinuliwa nusu, ukateremka taratibu mpaka kwenye goti, na kidevu kikafuata, naye akalala.